Daktari wa Vijijini Nchini Kongo: Historia ya Kazi ya Watu Wawili

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Kongo, mgonjwa anayefika kwenye kituo cha afya kijijini husema kwamba amekwenda kumwona munganga. Hajali sana kama aliyempokea ni daktari aliyehitimu chuo kikuu au ni muuguzi aliyesoma katika shule ya misioni. Wote wawili huitwa kwa jina hilo moja. Katika Kiswahili cha pwani mambo ni tofauti. Huko mganga ni hasa yule wa mitishamba na ramli, aliyesomea hospitali huitwa daktari, na muuguzi ana jina lake mwenyewe.

Tofauti hii ya msamiati yaweza kuonekana kuwa ni uzembe wa wasemaji wa Kongo, yaani kushindwa kutenganisha vyeo. Lakini mtu akiitazama historia ya tiba katika vijiji vya nchi hii ataona kwamba wasemaji hawakukosea. Kazi ambayo katika nchi nyingine hufanywa na daktari wa magonjwa yote, ya kumpokea kila ajaye, awe na homa, kidonda, mimba au kikohozi, haikufanywa Kongo na mtu mmoja. Imefanywa na watu wawili walio mbalimbali: muuguzi anayekaa karibu na wagonjwa, na daktari anayekaa mwendo wa siku moja au zaidi kutoka kwao.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uhusiano wa watu hao wawili ulivyoundwa, ulivyovunjika na ulivyojengwa upya, tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi miaka ya karibuni. Hospitali za migodi ya Katanga na zile za miji mikubwa zina historia yake na hazitaguswa hapa. Swali linalochunguzwa ni moja: daktari mmoja aliyewekwa peke yake kati ya watu laki moja waliotawanyika msituni au mbugani anapaswa kufanya kazi gani?

2. Daktari wa ugonjwa mmoja (1885–1930)

Chini ya Dola Huru ya Kongo (1885–1908), madaktari walikuwa wachache mno, nao waliwekwa kwenye vituo vya mtoni kwa ajili ya Wazungu na askari. Afya ya wanakijiji ilianza kuishughulisha serikali pale ugonjwa wa malale ulipokuwa ukiwaangamiza watu kwa maelfu, na pamoja nao wabeba mizigo na wavuna mpira ambao dola iliwategemea.

Mwaka 1903 Shule ya Tiba ya Nchi za Joto ya Liverpool ilituma ujumbe wa madaktari Kongo kuuchunguza ugonjwa huo. Miongoni mwao alikuwa Joseph Dutton, ambaye mwaka 1902 huko Gambia alikuwa amekitambua kijidudu cha malale katika damu ya binadamu, pamoja na mwenzake John Todd. Walipanda mto, kituo baada ya kituo, wakipima damu za watu na kuzipapasa shingo zao kutafuta tezi zilizovimba. Walipofika mashariki waliukuta ugonjwa mwingine, homa inayokuja, kupoa, na kurudi tena. Wenyeji wa sehemu nyingi za Afrika ya kati na mashariki walikwisha kujua kwamba homa ya namna hiyo huletwa na papasi, mdudu anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za vibanda. Dutton na Todd walithibitisha kwa darubini na majaribio kwamba ni kweli, na wote wawili waliipata homa hiyo kazini. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu cha homa ya papasi kikapewa jina lake.

Kisa hiki chaonyesha ushujaa wa madaktari wa wakati ule, lakini chaonyesha pia mpaka wa kazi yao. Daktari alikuwa msafiri. Alifika, akawapanga watu mstari, akapima, akaandika, akaondoka. Baada ya serikali ya Ubelgiji kuitwaa nchi mwaka 1908, utaratibu huo ulipanuliwa. Shule maalumu ya tiba ya nchi za joto ilikuwa imeanzishwa Brussels mwaka 1906, na madaktari waliopitia hapo waliongoza vikosi vilivyozunguka vijiji vyote vya maeneo ya malale. Waliogunduliwa kuwa wagonjwa walichomwa sindano za atoksili, dawa ambayo kwa baadhi yao iliharibu macho, na wengine walitengwa kambini mbali na jamaa zao. Watu wengi waliwakimbia wapimaji kama walivyowakimbia watoza kodi.

Daktari wa kikosi alikuwa na swali moja tu kwa kila aliyesimama mbele yake: je, huyu ana malale au hana? Mwanamke aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa kwa siku ya tatu, au mtoto mwenye homa ya malaria, hakuwamo katika orodha yake. Hata hivyo vikosi hivyo viliacha nyuma jambo moja lililodumu. Kwa kuwa Wazungu hawakutosha, ilibidi vijana wa Kikongo wafundishwe kutumia darubini, kuchoma sindano na kutunza daftari. Kikosi kilipoondoka, kijana huyo mara nyingi alibaki. Ndiye munganga wa kwanza wa aina mpya ambaye vijiji vingi vilimjua.

Mwaka 1930 ulianzishwa mfuko ulioitwa kwa kifupi FOREAMI, yaani Mfuko wa Malkia Elisabeth wa kuwasaidia wenyeji kwa tiba. Mfuko huo ulianza kazi Kongo ya Chini kwa wazo jipya: kulichukua eneo zima, kuwahesabu watu wake wote na kuyatibu magonjwa yao yote, badala ya kufuata ugonjwa mmoja. Wazo hilo lilikuwa sahihi, lakini fedha na watu vilitosha kwa sehemu chache tu za nchi.

3. Hospitali ya misioni

Wakati vikosi vya serikali vikizunguka, misioni zilifanya kinyume chake: zilikaa mahali pamoja. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha shirika la tiba la FOMULAC huko Kisantu, na baadaye likafungua hospitali Katana, kaskazini ya Bukavu. Waprotestanti nao walijenga hospitali zao katika sehemu ambazo serikali haikuzifikia.

Mfano unaojulikana sana mashariki ni ule wa Carl Becker. Alikuwa daktari wa magonjwa yote katika mji mdogo wa Boyertown, jimbo la Pennsylvania, kabla ya kuja Kongo mwaka 1929. Miaka michache baadaye alihamia Oicha, ukingoni mwa msitu wa Ituri, akafanya kazi hapo hadi 1964. Huko alikuwa mpasuaji, mkunga, daktari wa watoto na wa macho, na zaidi ya yote mtunzaji wa wenye ukoma, ambao walimjia kutoka mbali. Mwingine ni Helen Roseveare, Mwingereza aliyesoma Cambridge, ambaye alifika mwaka 1953 na kuendesha hospitali ya Nebobongo. Hakuwa amejifunza upasuaji kama kazi yake, lakini hapakuwa na mwingine wa kushika kisu. Mgonjwa aliyefungwa na ngiri au mama aliyeshindwa kujifungua hawakuweza kungojea bingwa asiyekuwapo.

Daktari wa misioni, tofauti na wa kikosi, alikuwa daktari wa watu wote na wa magonjwa yote. Alichoma matofali, alitengeneza jenereta na kufundisha wauguzi jioni. Lakini hospitali yake ilikuwa na upungufu ambao waliokuwa ndani yake hawakuuona kwa urahisi. Hospitali hungojea mgonjwa. Aliyekaa mwendo wa saa tatu alifika. Aliyekaa mwendo wa siku mbili alifika akiwa amechelewa, au hakufika kabisa. Daktari aliyeona foleni ndefu mlangoni kila asubuhi aliamini kwamba anaihudumia nchi nzima, ilhali wengi wa waliokuwa kwenye foleni walitoka katika vijiji vya jirani. Isitoshe, kila kitu kilining'inia juu ya mtu mmoja. Akiugua, akienda likizo, au akifukuzwa na vita, chumba cha upasuaji kilifungwa.

4. Waliofanya kazi ya daktari bila jina la daktari

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilifungua, Léopoldville na Kisantu, mafunzo ya juu kwa vijana wa Kikongo waliomaliza shule ya sekondari. Waliohitimu waliitwa asistenti wa tiba. Walifundishwa kupima, kutibu, kuzalisha na kupasua. Hicho ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mkongo aliweza kukifikia katika tiba. Udaktari wenyewe ulifungwa kwake hadi mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa karibu na Léopoldville.

Asistenti hao waliwekwa mara nyingi katika hospitali za wilaya, chini ya daktari Mbelgiji aliyekuwa na majukumu katika eneo kubwa. Daktari alipokuwa safarini, asistenti ndiye aliyeamua. Kazi ilikuwa ile ile. Mshahara, nyumba na jina vilikuwa vingine. Hapana budi kutambua kwamba mfumo huo ulikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, ulionyesha kwamba mtu aliyefundishwa vizuri kwa kusudi maalumu aweza kuendesha hospitali ya mbali bila shahada ya chuo kikuu. Kwa upande mwingine, ulikuwa dari lililojengwa kwa makusudi juu ya vichwa vya watu waliokuwa na uwezo wa kwenda mbele.

Gharama ya dari hilo ilijulikana katika majuma machache ya mwaka 1960. Uhuru ulipotangazwa tarehe 30 Juni, Lovanium haikuwa imekwisha kutoa daktari hata mmoja. Mwezi Julai jeshi liliasi, na madaktari Wabelgiji walio wengi waliondoka, hasa wale wa mashambani. Shirika la Afya Duniani na vikundi vya Msalaba Mwekundu kutoka nchi nyingi viliziba pengo kwa haraka. Lakini katika hospitali nyingi za mbali aliyebaki na funguo za ghala la dawa ni asistenti wa tiba au muuguzi. Kwamba huduma haikufa kabisa katika mwaka ule ni kwa sababu yao.

Shirika la Afya Duniani lilichukua hatua ambayo haikuwa imewahi kuchukuliwa: liliwapatia asistenti kadhaa misaada ya masomo ili wakamilishe udaktari katika vyuo vikuu vya Ufaransa kwa muda wa miaka mitatu hivi. Kwa njia hiyo taifa lilipata madaktari wake wa kwanza upesi kuliko ilivyotarajiwa. Lakini hatua hiyo ilikuwa na matokeo mengine. Waliokuwa nguzo za hospitali za vijijini waliondolewa huko, na waliporudi wakiwa na shahada, vyeo vya uongozi vilivyoachwa na Wabelgiji viliwasubiri. Daktari Mkongo alizaliwa, lakini njia iliyomzaa ilikuwa njia ya kutoka kijijini.

Vita vya 1964 vilimaliza sehemu kubwa ya yaliyosalia mashariki na kaskazini. Hospitali ziliachwa, wauguzi na madaktari waliuawa au walitawanyika. Becker alivuka mpaka kuingia Uganda. Roseveare alishikwa na waasi kwa miezi kadhaa. Paul Carlson, daktari Mmarekani wa Wasolo katika Ubangi, aliuawa Stanleyville tarehe 24 Novemba 1964. Baada ya vita, misioni kadhaa za mashariki ziliunganisha nguvu zao Nyankunde, karibu na Bunia, wakajenga hospitali moja kubwa yenye shule ya wauguzi, kwani lilikuwa limekwisha kufahamika kuwa daktari mmoja peke yake ni ukuta usio na msingi.

5. Kasongo: daktari anayepunguza wagonjwa wake

Swali la kazi ya daktari wa vijijini lilijibiwa kwa uwazi zaidi Maniema. Kasongo, jina linalojulikana kwa kila msomaji wa habari za Tippu Tip na ndipo alipofia Dutton, ilichaguliwa mwaka 1971 kuwa mahali pa jaribio kubwa. Jaribio hilo lilifanywa na viongozi wa afya wa Zaire pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, mrithi wa ile shule ya Brussels.

Hoja yake yaweza kueleweka kwa hesabu rahisi. Tuseme wilaya ina watu 100,000, na kila mmoja anahitaji kumwona munganga mara moja tu kwa mwaka. Daktari anayeona wagonjwa 40 kila siku, siku 300 za mwaka, atawaona 12,000. Hata akifanya kazi mpaka achoke, watu 88 kati ya kila 100 hawatamfikia. Na hao 12,000, kwa kuwa ni wengi mno kwa mtu mmoja, hawatapimwa vizuri. Tena wakati anapoandika vidonge vya malaria, mama anayehitaji kupasuliwa anangoja. Ajapo daktari wa pili au wa tatu, hesabu haibadiliki sana.

Kwa hiyo timu ya Kasongo iligeuza mambo. Vituo vya afya vilijengwa katika maeneo ya wilaya, kila kimoja kikiwa na wauguzi wake na kikihudumia maelfu machache ya watu walioweza kukifikia kwa miguu. Mgonjwa alitakiwa aanzie hapo, si hospitalini. Muuguzi alipewa maelekezo yaliyoandikwa, hatua kwa hatua: ukiona dalili hii, uliza hili, ukikuta lile, toa dawa hii, ikizidi, peleka hospitalini. Daktari aliacha kukaa siku nzima mbele ya foleni. Alitembelea vituo, akasoma kadi za wagonjwa pamoja na muuguzi, akajadili naye makosa, akarudi hospitalini kuwatunza wale tu waliotumwa kwake. Kwa maneno mengine, alipunguza idadi ya wagonjwa wake mwenyewe ili watu wengi zaidi watibiwe.

Kasongo ilikuwa pia mahali pa utafiti, na matokeo yake mawili yanastahili kukumbukwa. La kwanza lilichapishwa London mwaka 1981 katika jarida la Lancet na lilihusu chanjo ya surua. Chanjo iliwalinda watoto na surua bila shaka. Lakini timu iliuliza kama mtoto aliyeokolewa na surua hafi baadaye kwa kuhara, kwa homa ya mapafu au kwa utapiamlo. Swali hilo liliwaudhi baadhi ya wataalamu na likazua ubishi mrefu. Kiini chake, hata hivyo, kilikuwa kile kile cha zamani: kampeni ya ugonjwa mmoja, kama vile vikosi vya malale, haiwezi kuchukua mahali pa mtu anayekaa karibu na kuyatazama magonjwa yote.

La pili lilihusu uzazi. Ilikuwa desturi kuwachagua wajawazito walio hatarini kwa kuuliza historia ya mimba zao za nyuma, kisha kuwatuma hospitalini mapema. Timu ya Kasongo ilipima njia hiyo na kuona kwamba katika kila wanawake 100 waliopata uzazi pingamizi, 71 hawakuwa wametabiriwa. Na katika kila 100 waliohesabiwa kuwa hatarini kwa historia hiyo, 90 walijifungua bila pingamizi. Maana yake ni nzito. Hakuna orodha iwezayo kumwondolea daktari wa vijijini wajibu wa kuwa tayari. Anahitajika muuguzi au mkunga anayetambua kwamba uchungu umezidi saa zake, njia ya kumsafirisha mama usiku huo huo, na mtu hospitalini anayejua kupasua. Kimojawapo kikikosekana, viwili vilivyobaki ni bure.

6. Yambuku: muuguzi bila daktari

Wakati jaribio la Kasongo likiendelea, kaskazini ya nchi lilitokea tukio lililoonyesha upande wa pili. Yambuku, katika wilaya ya Bumba, ilikuwa na hospitali ya misioni yenye vitanda 120. Watu wapatao 60,000 waliitegemea. Ilikuwa na wafanyakazi wa tiba 17, miongoni mwao masista Wabelgiji, lakini haikuwa na daktari.

Watu walikuja kwa wingi kwa sababu dawa zilikuwapo. Kila asubuhi mabomba matano ya sindano yalitolewa kwa ajili ya wagonjwa wa nje, nayo yalisuuzwa kwa maji ya moto kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mwishoni mwa Agosti 1976 alifika mgonjwa mwenye homa, akachomwa sindano ya dawa ya malaria. Katika majuma yaliyofuata homa isiyojulikana ilienea, hasa kwa waliochomwa sindano hapo, wakiwamo wajawazito wengi, na kwa jamaa waliowauguza. Wafanyakazi 11 kati ya 17 walikufa, na hospitali ikafungwa tarehe 30 Septemba. Ulipokwisha, mlipuko huo ulikuwa umewapata watu 318, na 280 kati yao walifariki. Ugonjwa huo ulipewa jina la mto Ebola.

Si haki kuwalaumu waliokufa kazini. Walitumia walichokuwa nacho, na sindano ilikuwa ndiyo imani ya wakati ule, kwa wagonjwa na kwa wauguzi vilevile. Tangu siku za malale, munganga wa kweli machoni pa watu alikuwa yule achomaye. Jambo la kuzingatia ni kwamba hapakuwa na mtu wa pili: hapakuwa na aliyefika kila mwezi, akatazama jinsi mabomba yanavyooshwa, akauliza kwa nini kila mjamzito achomwe sindano. Aliyekuja, alikuja baada ya msiba kuanza. Naye alikuwa daktari wa vijijini. Ngoy Mushola, daktari wa Bumba, alifika Yambuku mwezi Septemba, akawatazama wagonjwa, akaandika maelezo ya kwanza ya ugonjwa huo duniani, dalili kwa dalili, na kuwapasha habari wakubwa wake. Wataalamu wa Kinshasa, akiwamo Jean-Jacques Muyembe, walifika siku chache baadaye, na ndipo ulimwengu ukajua. Maabara za nje ndizo zilizokiona kirusi, lakini aliyetambua kwanza kwamba hii haikuwa homa ya kawaida ni daktari wa wilaya na daftari lake.

7. Zoni ya afya na majaribu yake

Mafundisho ya Kasongo, pamoja na yale ya Kisantu, Bwamanda, Vanga na kwingineko, yaliingia katika siasa ya taifa. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi, Zaire ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa na cha kuonyesha. Katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima iligawanywa katika zoni za afya 306. Kila zoni ya vijijini ilipangwa kuwa na watu kama laki moja, hospitali moja ya rufaa, na vituo vya afya katika maeneo yake. Mradi wa SANRU, ulioanza mwaka 1981 chini ya Kanisa la Kristo kwa msaada wa Marekani, ulisaidia zoni nyingi za vijijini kupata vifaa na mafunzo. Serikali ilikubali kwamba hospitali ya misioni, ya Kikatoliki au ya Kiprotestanti, iwe hospitali ya zoni nzima. Jambo hilo halikuwa la kawaida barani Afrika.

Hapo ndipo lilipopatikana jina la kazi: daktari mkuu wa zoni. Alipaswa kuwa mpasuaji, mwalimu wa wauguzi, mhesabu wa chanjo, mtunza fedha na mpatanishi wa kamati za vijiji. Daktari kijana aliyetoka Kinshasa au Lubumbashi, ambaye chuoni alifundishwa kumtibu mgonjwa aliye kitandani, alijikuta anaulizwa habari za watu elfu tisini ambao hajawaona. Wengine walikimbia. Wengine walikaa miaka mingi na kuwa, pengine bila kujua, mabingwa wa fani isiyokuwa na kiti chuoni.

Swali la fedha lilijibiwa kwa njia mbalimbali. Bwamanda, katika Ubangi, bima ya hospitali ilianzishwa mwaka 1986: jamaa walilipa mchango mdogo wakati wa mavuno, fedha zilipokuwapo mkononi, na aliyelazwa akalipa sehemu ndogo tu ya gharama. Lakini zoni nyingi hazikuwa na shirika la namna hiyo. Mwaka 1990 Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake baada ya matukio ya mwezi Mei katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Septemba 1991 miji iliporwa na wafadhili wengi wakaondoka. Mishahara ya serikali ikawa jina tu. Tangu hapo daktari na muuguzi waliishi kwa fedha za mgonjwa, na hapo uhusiano wao uliharibika kwa namna mpya. Muuguzi anayeishi kwa malipo ya mgonjwa huona uchungu kumtuma hospitalini, kwa kuwa anatuma riziki yake. Na hospitali yenye njaa hufungua mlango kwa wenye homa ndogo, kwa kuwa inahitaji fedha yao. Walioundwa wasaidiane wakawa washindani.

Vita vya 1996 hadi 2003 vilikuja juu ya udhaifu huo. Waliokufa vijijini kwa homa, kuhara na uzazi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Nyankunde yenyewe, iliyokuwa imewafundisha wauguzi wa mashariki kwa zaidi ya miaka thelathini, ilishambuliwa Septemba 2002. Watu waliuawa ndani ya hospitali, na waliosalia walitembea msituni siku nyingi. Hata hivyo, zoni ya afya haikufa. Katika maeneo ambayo serikali haikuwapo kabisa, ramani ya zoni ilibaki, na mashirika yaliyoleta dawa yaliifuata. Baada ya vita zoni ziligawanywa upya, nazo sasa ni zaidi ya 500.

8. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba daktari wa vijijini nchini Kongo hakukosekana kwa sababu ya idadi peke yake. Alikosekana mwaka 1905 kwa kuwa alitazama ugonjwa mmoja. Mwaka 1950 kwa kuwa Mkongo hakuruhusiwa kuitwa daktari. Mwaka 1960 kwa kuwa hakuwa amefundishwa. Na tangu 1990 kwa kuwa hakulipwa. Kila sababu ilikuwa na waliohusika nayo, na hakuna hata moja iliyokuwa amri ya Mungu.

Siku hizi vyuo vikuu vya Kongo hutoa madaktari wengi, na wengi wao hubaki mijini, ambako wengine hukosa kazi. Yafaa kujiuliza kama wanafundishwa kazi ambayo nchi inawaitia. Daktari wa zoni hapimwi kwa idadi ya wagonjwa aliowaona yeye mwenyewe. Hupimwa kwa jinsi muuguzi wa kituo cha mwisho, kule ambako pikipiki haifiki wakati wa mvua, anavyompokea mtoto mwenye homa saa nane za usiku, na kwa jinsi mama aliyetumwa na muuguzi huyo anavyokuta taa inawaka hospitalini. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wanakijiji wa Kongo, wanaowaita wote wawili munganga, wamekuwa wakisema jambo hilo hilo kwa neno moja.